Mbona dawa haiui tena? Maswali kuhusu usugu wa wadudu hapa Mombasa

Maswali haya ndiyo yanayorudi tena na tena kwenye kaunta za agroveti, kwa mafundi wa fumigesheni na kwa maafisa wa kilimo, kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwa jingine.

## Kuanzia mwanzo

1. Usugu ni nini hasa?

Ni hali ya kundi la wadudu wa mahali fulani kuponea kipimo cha dawa ambacho zamani kiliwaua wenzao wa aina ileile, na kurithisha uwezo huo kwa watoto wao. Shika maneno mawili: kundi na kurithisha. Mende mmoja aliyeponea kwa kuwa dawa haikumfikia nyuma ya friji si sugu, ana bahati tu.

2. Kwani wadudu huzoea dawa, kama mtu anavyozoea pilipili?

La, na kosa hili ndilo mama wa makosa mengine yote. Mtu huzoea pilipili ndani ya maisha yake, na mwanawe huanza upya. Mdudu wa kawaida akipata dawa ya kutosha hufa pale pale. Hana nafasi ya kuzoea chochote. Kinachobadilika ni nani anabaki kuzaa.

Tufanye hesabu ya mfano. Jengo la ghorofa lina mende 10,000, na watano kati yao walizaliwa na jeni inayowakinga, hata kabla hujanunua dawa. Unapuliza, na dawa inaua 99 katika kila mende 100 wa kawaida. Wanabaki wa kawaida 100 hivi, pamoja na wale watano. Jengo limetulia, umefurahi. Lakini usugu umetoka mmoja kati ya 2,000 hadi karibu mmoja kati ya 20. Waache wazaane mpaka wajae tena, kisha puliza dawa ileile: safari hii zaidi ya wanane katika kila kumi wanaobaki ni sugu. Dawa haikumfundisha mdudu kitu. Imechagua.

3. Mbona mbu na mende hufika huko haraka, na huku Pwani haraka zaidi?

Kwa sababu uchaguzi hufanyika kwa vizazi, si kwa miaka. Mbu wa mchana, yule mwenye madoa meupe miguuni (Aedes aegypti), hutoka yai hadi mbu mzima kwa siku 7 hadi 10 maji yakiwa na joto. Mende mdogo wa jikoni, anayeitwa mende wa Kijerumani, hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na kwenye joto kama letu watoto wake huwa wazazi kwa miezi miwili hivi. Mombasa haina baridi ya kuwasimamisha: wanazaana Januari, wanazaana Julai.

4. Mwili wa mdudu sugu hufanya nini tofauti?

Njia ziko nne, na mdudu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya moja.

Ya kwanza ni kufuli iliyobadilika. Dawa za jamii ya pareto, yaani pairethroidi, hunasa kwenye mlango wa sodiamu ulioko kwenye neva na kuuzuia usijifunge. Mdudu hutetemeka, huanguka, hufa. Ikibadilika asidi amino moja tu (tofali la kujengea protini) ya mlango huo, ile ya nafasi ya 1014, dawa haishiki vizuri tena. Aina moja ya badiliko hilo ilielezwa mwaka 2000 kwa mbu wa malaria, Anopheles gambiae, wa magharibi mwa Kenya. Na kwa kuwa DDT, dawa ya zamani ya wadudu, hugonga mlango uleule, mbu aliyechaguliwa na DDT tayari ana ngao dhidi ya pairethroidi ambayo hajawahi kukutana nayo.

Ya pili ni tumbo la moto: vimeng'enya vinavyovunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Mdudu sugu huvitengeneza kwa wingi. Hii ndiyo njia inayosumbua zaidi, kwani kimeng'enya kimoja kinaweza kuvunja dawa za makundi tofauti.

Ya tatu ni ngozi nene inayochelewesha dawa kupenya. Kunguni wanajulikana kwa hilo. Ya nne ni tabia, kama mende wanaokataa chambo (swali la 13).

5. Jambo hili limeanza lini?

Maandishi ya kwanza ni ya mwaka 1914, A. L. Melander wa Marekani alipoeleza wadudu wa matofaa waliokuwa wakiponea dawa ya chokaa na salfa. Paul Müller aligundua nguvu ya DDT mwaka 1939 na kupewa Nobel mwaka 1948, lakini kabla hata hajaipokea, nzi wa nyumbani huko Sweden walikuwa tayari wakiistahimili.

## Ni usugu, au ni kosa la kazi?

6. Nimepuliza na hawafi. Ni usugu?

Pengine. Ila ondoa kwanza sababu za kawaida, maana ni nyingi kuliko usugu.

Kipimo huongoza. Lebo ikisema mililita 10 kwa pampu ya lita 20, watu hupima kwa kifuniko, na vifuniko havilingani. Sirinji ya mililita 10 ya duka la dawa huondoa ubishi. Iandike kwa wino usiofutika kwamba ni ya dawa ya wadudu tu.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Visima vingi vya huku ni vya chumvi, na maji magumu huifanya dawa ya mafuta igawanyike na kuganda juu. Maji yenye ualkali huvunja dawa nyingi za makundi ya oganofosfeti na kabamati (swali la 9) ikiwa mchanganyiko utakaa. Amitrazi ya kupe ni kinyume: hiyo huharibika kwenye maji yenye asidi. Koroga utakayoimaliza siku hiyo, wala usilaze mchanganyiko kwenye pampu.

Kisha kuna dawa iliyokaa juani dirishani mwa duka, dawa bandia, na zile zinazouzwa barabarani kwenye chupa za maji bila lebo. Hizi za mwisho usizitumie kabisa: hujui ni kiini gani wala kipimo gani, na mtoto akiona chupa ya maji huinywa.

Mwisho, tazama wanatoka wapi. Ukipuliza chumba kimoja kwenye nyumba ya Majengo yenye vyumba vinane, mende wa jirani watahamia kwako kesho yake. Hao ni wageni.

7. Dalili gani hunielekeza kwenye usugu wenyewe?

Dawa halali, kipimo sahihi, umelowesha vizuri, na bado wako hai wadudu wakubwa na wadogo pamoja, pale pale palipopulizwa. Dalili nyingine: kila msimu unahitaji kupuliza kwa karibu zaidi. Zamani ilikuwa kila baada ya wiki tatu, sasa ni kila wiki.

8. Naweza kupima mwenyewe?

Kwa mende, ndiyo, kwa kiasi. Chukua vigae viwili safi. Kimoja kipulizie dawa kwa kipimo cha lebo, kingine maji matupu, viache vikauke kabisa. Weka mende kumi kwenye kila kigae, funika kwa bakuli la plastiki lenye tundu ndogo za hewa, subiri saa moja, kisha wahamishe kwenye vyombo visafi vyenye pamba yenye maji. Hesabu baada ya saa 24, si kabla. Vaa glavu, na bakuli hilo lisirudi jikoni.

Saa 24 zina maana yake. Pairethroidi huangusha haraka: mdudu analala chali, miguu hewani, unasema kwisha. Mwenye vimeng'enya vya kutosha huvunja dawa akiwa amelala hapo hapo, na asubuhi hayupo.

Kwa mbu wataalamu hutumia njia ya Shirika la Afya Duniani: mbu jike kama 100, wakiwa 25 kwa kila mrija wenye karatasi ya dawa, kwa dakika 60, na wengine kwenye mirija isiyo na dawa. Baada ya saa 24, wakifa asilimia 98 au zaidi dawa bado inafaa. Chini ya 90 usugu umethibitika. Katikati ya hapo hupimwa tena.

## Dawa na makundi yake

9. Nimebadilisha dawa mara tatu na hakuna tofauti. Kwa nini?

Kwa sababu umebadilisha jina la mkebe. Geuza chupa usome kiini, yaani kemikali yenyewe inayoua. Saipamethrini, deltamethrini, lambda-saihalothrini, pamethrini: zote zinazoishia na "thrini" ni ndugu wa kundi moja, na hugonga mlango uleule wa swali la 4. Kumshinda mdudu wa saipamethrini kwa deltamethrini ni kujaribu kufungua kwa nakala ya ufunguo ulioshindwa.

Kamati ya kimataifa ya usugu (IRAC) imeyapa makundi namba, na lebo nyingi za kilimo huzionyesha: 1A kabamati, 1B oganofosfeti, 3A pairethroidi, 4A neonikotinoidi, 5 spinosadi, 6 abamektini na emamektini, 28 diamaidi. Badilisha namba, si rangi ya chupa. Na kabla ya kununua, hakikisha ina namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini.

10. Nikizidisha kipimo je?

Utaua wenye kinga ndogo na kuacha wenye kinga kubwa peke yao wazaane. Pamoja na hapo, sumu inayobaki kwenye mboga na mapafuni mwa anayepuliza huongezeka. Kupunguza ili chupa ifike mbali nako ni kubaya, kwani mdudu mwenye kinga nusu, ambaye angekufa kwa kipimo kamili, hubaki hai.

11. Na kuchanganya dawa mbili kwenye pampu moja?

Usibahatishe. Mchanganyiko husaidia tu kama viini ni vya makundi tofauti, vyote viko kwenye kipimo kamili, na vyote bado vinaua. Kama kimoja kimeshashindwa, unamtegemea mmoja huku ukidhani wako wawili. Baadhi ya dawa zikikutana huganda au huunguza majani.

12. Basi zungusha vipi?

Kwa kizazi, si kwa kila mpulizo. Watu wengi wa nyanya hupuliza kundi 28 wiki hii, 5 wiki ijayo, 6 inayofuata, wakidhani ndiyo kuzungusha. Hapo kizazi kimoja cha wadudu kimeonja makundi matatu, na watoto wao pia. Gawanya msimu kwa vipindi vya siku 30 hivi. Kipindi cha kwanza tumia kundi moja au mawili uliyopanga, kipindi cha pili yaweke kando kabisa na utumie mengine. Watoto wa walioponea kundi la kwanza wanakutana na adui mpya.

## Nyumbani

13. Mende walikuwa wanakula jeli, sasa wanaipita. Ni usugu?

Yawezekana ni ule wa tabia. Mwaka 1993 watafiti walieleza mende wa Kijerumani waliorithi kuchukia glukosi: kwa ulimi wao ni chungu, na sukari hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye chambo. Badilisha jeli yenye kiini tofauti na chambo tofauti. Weka matone madogo, ukubwa wa punje ya dengu, mengi, kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na chini ya sinki. Donge moja kubwa hukauka bure.

Kosa linaloua jeli kuliko usugu ni kupuliza dawa hapo hapo. Mende hunusa na kukimbia, jeli hailiwi. Chagua moja.

14. Kama mbu ni sugu, neti yenye dawa ina faida gani tena?

Kubwa. Neti nzima isiyo na tundu ni ukuta, na hakuna jeni ya kupita ukuta. Dawa iliyomo ni nyongeza, na nyongeza hiyo imeboreshwa: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikubali neti zenye PBO, kitu kinachofunga mikono vile vimeng'enya vya swali la 4, na mwaka 2023 likapendekeza neti zenye klofenapiri, inayoua kwa njia tofauti kabisa na pairethroidi.

Neti mpya itundike kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Ifue kwa sabuni ya kipande na maji baridi, bila jiki, na uianike kivulini. Jua la saa saba mchana juu ya bati huila dawa.

15. Wananiuma mchana, na wanaovuma usiku hawaishi. Nipulize nini?

Hawa ni mbu wawili tofauti, na wote wawili hushindwa zaidi na ndoo kuliko na mkebe.

Wa mchana ndiye wa dengi, iliyolipuka Mombasa mwaka 2013, na chikungunya iliyofuata kati ya 2017 na 2018. Huzaa kwenye maji safi tunayoweka kwa sababu mfereji hautoki kila siku: mapipa, matangi, madumu yaliyokatwa. Mayai huyabandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya mstari wa maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja. Ndiyo maana kumwaga maji hakutoshi. Kila wiki, sugua pande za ndani kwa brashi ngumu, suuza, jaza, funika kwa kitambaa cha neti kilichofungwa kwa mpira.

Wa usiku anayevuma kwa wingi mara nyingi ni Culex, mtoto wa mitaro na mashimo ya choo. Kwa choo cha shimo lenye maji kuna njia ya zamani isiyozoeleka siku hizi: mwaga tembe za polistairini, zile nyeupe nyepesi, ziunde safu ya sentimita moja au mbili juu ya maji. Viluwiluwi hawapati pumzi. Ilijaribiwa Makunduchi, Unguja, ikafanya kazi vizuri. Kukosa hewa ni vigumu mno kukijengea usugu.

16. Kunguni wamerudi baada ya wiki mbili. Fundi ameniibia?

Si lazima. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Kazi ya mpulizo mmoja haijakamilika. Wa pili hufuata baada ya siku 10 hadi 14. Wakirudi baada ya hapo pia, shuku usugu, hasa kama zote mbili zilikuwa za kundi 3A.

Joto halina usugu. Shuka na kanga zifuliwe kwa maji ya nyuzi 60. Maungio ya kitanda cha mbao yamwagie maji yanayochemka polepole, tundu kwa tundu, kisha uyaanike. Kuanika godoro juani peke yake hakutoshi: juu linaunguza, lakini katikati halifiki nyuzi 50, na kunguni hujua kuhamia upande wa kivuli. Kwenye nyufa kavu nyunyiza unga wa daiatomu, kwa uchache na ukiwa umefunika pua. Huparuza ngozi ya kunguni mpaka akauke.

17. Panya anakula sumu na haendi popote.

Ngoja kwanza. Sumu za kuzuia damu kuganda huchukua siku 3 hadi 7, kwa makusudi, ili panya wengine wasihusishe kifo na chakula. Zile zinazoua papo hapo ndizo zinazowafanya wenzake waogope chambo. Usugu wa kweli wa panya upo: ule wa sumu iitwayo warfarini ulionekana Uskoti mwaka 1958. Sumu zilizoirithi warfarini, kama brodifakumu, ni kali zaidi, na hapo ndipo penye shida kwa Mji wa Kale: paka akila panya mwenye sumu hiyo, naye hudhurika. Palipo na paka, tumia mitego na uzibe tundu kwa saruji na wavu wa waya.

## Shambani na zizini

18. Nyanya zangu zimeisha kwa tuta, na nimepuliza kila kitu.

Tuta absoluta, nondo mdogo wa nyanya, iliingia Kenya mwaka 2014. Jike moja hutaga hadi mayai 260, na mwaka mmoja hubeba vizazi 10 hadi 12. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kwa hiyo dawa ya kugusa tu humpita juu. Puliza jioni, uanzie chini ya majani, na ufuate vipindi vya swali la 12. Mitego ya harufu ya jike itundikwe kabla ya kupanda miche, ili ujue lini wanaingia. Majani yenye mahandaki yang'olewe, yafungwe kwenye mfuko mweusi, yaachwe juani. Mabaki ya nyanya ya msimu uliopita yakibaki kando ya shamba, hao ndio wazazi wa walio sugu.

19. Naogesha ng'ombe kila wiki na kupe wamejaa.

Angalia namna ya kuogesha. Ng'ombe mzima anatakiwa kulowa mpaka dawa idondoke tumboni: ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye kiwele, katikati ya kwato. Amitrazi ya asilimia 12.5 kwa kawaida ni mililita 20 kwa lita 10 za maji, lakini lebo yako ndiyo yenye neno la mwisho.

Kama hilo liko sawa, mtazame kupe mwenyewe. Kupe wa bluu huishi kwa mnyama mmoja tangu utoto mpaka utu uzima, kwa hiyo kila kizazi chake hupigwa dawa mara kadhaa na usugu huja upesi. Kupe wa kahawia wa masikioni, aletaye ndigana kali, hubadilisha wanyama watatu na muda mwingi yuko majanini, mbali na dawa. Usugu wake huja polepole.

## Maswali ya pembeni

20. Dawa za asili hazina usugu, sivyo?

Sivyo. Pareto, lile ua tunalolima hapa Kenya, ni asili tupu, lakini liko kundi 3A pamoja na "thrini" zote: mbu sugu kwa mmoja hustahimili na mwingine. Mwarobaini ni afadhali, kwa sababu mafuta yake yana viini vingi vinavyofanya kazi kwa njia tofauti, ila hufanya kazi polepole na jua huyavunja kwa siku chache.

21. Nikiiacha dawa kwa miaka, usugu utaisha?

Hupungua, mara chache huisha. Jeni za usugu mara nyingi zina gharama, na bila dawa wenye nazo huzaana kidogo kuliko wenzao. Lakini hubaki wachache, na ukirudi na dawa ileile kila siku, kupanda kwa mara ya pili ni haraka kuliko ya kwanza.

22. Kunguru nao hukataa sumu. Ni usugu?

Ni akili. Kunguru akimwona mwenzake akianguka karibu na chambo, hakigusi, na wenzake hujifunza kwa kumtazama. Hakuna jeni iliyochaguliwa hapo. Kwa anayekwepa, kubadilisha chambo na mahali husaidia. Kwa aliye sugu kwa sumu yenyewe hakusaidii kitu. Na sumu ya ndege si ya kununua na kujiwekea barazani.

23. Nina nusu chupa ya dawa iliyoshindwa. Niimwage wapi?

Si kwenye mtaro. Pairethroidi ni kali mno kwa samaki na kamba, na mitaro yetu huishia baharini. Njiani hupita kwa viluwiluwi wa Culex ikiwa imechujuka, kipimo kidogo kisichoua, na hapo umeanza hesabu ya swali la 2 nje ya mlango wako. Iache kwenye chupa yake yenye lebo, kifuniko kimekazwa, na umuulize afisa wa kilimo wa kaunti pa kuipeleka. Chupa iliyokwisha suuza mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi kwenye pampu uliyo nayo mkononi, kisha itoboe ili mtu asichotee maji.